Sharubati ya machungwa na ndimu kwa siku ya Idi: namna ya kuitengeneza isigeuke chungu

Ramadhani ikibaki siku chache kwisha, swali ninaloulizwa huwa lilelile. "Nimekamua machungwa usiku, sharubati ilikuwa tamu kabisa. Asubuhi nimeitoa kwenye friji, chungu kama shubiri. Nimekosea wapi?" Mwingine akiona hivyo huongeza sukari, ikawa tamu na chungu kwa pamoja. Mwingine huongeza maji, ikawa chungu na chapwa. Mwishowe wageni hufunguliwa soda za dukani, na ndoo nzima ya machungwa humwagwa uani.

Nimeliona hili hata kwenye harusi ya ukoo wetu. Machungwa ya gunia zima yalisagwa kwa blenda usiku wa kuamkia sherehe, na asubuhi hakuna aliyeweza kumaliza glasi. Waliokesha wakimenya walikaa kimya, na inauma kuona jasho la watu likienda hivyo. Kosa lao halikuwa uvivu. Walifanya kazi yote kwa mkupuo mmoja, na waliifanya mapema mno.

Sharubati nzuri ni vitu vitatu, na kila kimoja kina wakati wake: shira hupikwa siku mbili kabla, harufu hutolewa kwenye ganda na kuhifadhiwa ndani ya sukari, na maji ya matunda hukamuliwa siku yenyewe. Ukivitenganisha hivyo, hata mwezi ukiandama ghafla tarehe 29 hutahangaika. Shira husubiri na matunda mazima husubiri. Maji yaliyokwisha kukamuliwa ndiyo yasiyosubiri.

## Kwanza tuelewane maneno matatu

Wengi husema "imeharibika" bila kusema imeharibika vipi, na dawa ya kila tatizo ni tofauti.

Ukali ni ile ladha ya ndimu inayokunja uso. Si kosa, bali ndio uhai wa sharubati, na hurekebishwa kwa sukari na maji.

Uchungu ni ladha ya muarobaini, inayobaki nyuma ya ulimi ukishameza. Hutoka kwenye mbegu, kwenye ngozi nyeupe iliyo chini ya ganda, na kwenye maji yaliyolala. Sukari haiuondoi.

Uchachu ni dalili kwamba sharubati imeanza kuchacha: harufu ya togwa la siku nyingi, vipovu vidogo, kifuniko kilichovimba. Hapo chachu ya asili inayokaa kwenye maganda imeanza kula sukari na kutoa gesi na kileo. Hiyo humwagwa. Usiichemshe ukidhani utaiokoa.

Mwongozo huu unahusu zaidi uchungu, kwa kuwa ndio unaowashinda watu wengi.

## Mahitaji

Vipimo hivi vinatoa karibu lita 6, yaani glasi 24 za mililita 250. Kikombe ninachokitaja hapa ni cha mililita 250.

- Machungwa 30 hivi ya wastani, ya kutoa lita 2 za maji, na mengine 4 ya kukwaruza ganda
- Ndimu 20 hivi, za kutoa mililita 300, na nyingine 4 za kukwaruza ganda
- Sukari gramu 700 (vikombe vitatu na nusu)
- Maji ya kunywa lita 4, yaliyochemshwa yakapoa au ya chupa, mbali na ya kugandisha barafu
- Hiliki punje 8
- Karafuu 3, zisizidi
- Mdalasini kijiti kimoja cha urefu wa kidole
- Tangawizi mbichi gramu 50, sawa na vidole gumba viwili
- Zafarani nyuzi 15 hivi
- Maji ya waridi ya kula, kijiko 1 cha mezani
- Chumvi robo kijiko cha chai
- Nanaa kichala kimoja

Vyombo: sufuria ya stili, bakuli la kioo, kikamulio cha mkono, kifaa cha kukwaruzia karoti chenye upande wa matundu madogo, chujio la chai, kitambaa cheupe safi cha pamba, kinu na mchi, chupa ya kioo yenye kifuniko, ndoo ya plastiki ya chakula yenye koki au majagi mawili makubwa, na deli la kutunzia ubaridi.

Zingatia vyombo. Ukali wa ndimu hula alumini, na sharubati ikikaa kwenye sufuria ya alumini hupata ladha ya chuma. Shaba ni mbaya zaidi. Lile birika la shaba la bibi linapendeza mezani, lakini usilitilie sharubati, kwa sababu shaba iliyoyeyuka ndani ya kinywaji kikali hudhuru tumbo. Liwekee maua.

## Kuchagua matunda

Sokoni usitafute chungwa la rangi ya njano. Machungwa yetu ya ukanda wa joto, kama yale ya Muheza mkoani Tanga, huiva yakiwa na ganda la kijani. Rangi ya njano huja pale penye usiku wa baridi, na pwani baridi hiyo hatuna. Pima kwa mkono: chukua mawili ya ukubwa uleule, lililo zito ndilo lenye maji. Ganda liwe laini na jembamba. Lenye ganda nene la mabonde mabonde lina ngozi nyeupe nyingi, na hiyo ndiyo adui yetu.

Omba muuzaji akukatie moja uonje. Akikataa, nunua moja, ulikate palepale. Jihadhari na danzi lililochanganywa kwenye fungu: linafanana na chungwa lakini ni kali na chungu, na moja tu likiingia utalihisi kwenye jagi zima.

Kwa ndimu, chukua zile zenye ganda jembamba linaloteleza, hata kama zimeanza kuwa za njano. Ndimu ngumu kama jiwe haina maji.

Idi husogea siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo miaka mingine huangukia nje ya msimu wa machungwa. Hilo likitokea, usinunue machungwa makavu kwa bei ya dhahabu. Tumia machenza na uongeze ndimu kidogo, maana chenza ni tamu zaidi kuliko lilivyo kali. Kuhusu balungi nina onyo, utalikuta mbele.

## Hatua ya 1: Toa harufu kwenye ganda (siku mbili kabla)

Harufu ya chungwa haimo ndani ya maji yake kwa wingi kama watu wanavyodhani. Imo kwenye vijifuko vya mafuta vilivyo kwenye ganda la nje. Ndiyo maana ukimenya chungwa chumba kizima hunukia, ilhali glasi ya juisi hainukii hivyo.

Osha machungwa 4 na ndimu 4 kwa maji ya uvuguvugu, uyasugue kwa brashi au kitambaa kikavu. Matunda yaliyotoka nje ya nchi mara nyingi hupakwa nta, na ya shambani huwa na vumbi na pengine dawa. Yafute yakauke.

Kwaruza ganda la rangi tu. Pitisha tunda mara moja, uligeuze, usirudie palepale. Ukiona weupe umepita kiasi. Nyuzi zikiingia na weupe kidogo hakuna msiba, lakini ukikwaruza mpaka tunda libaki jeupe lote umeshaweka uchungu kwenye shira kabla hujaanza.

Changanya nyuzi hizo na gramu 200 za sukari (kikombe kimoja) ndani ya bakuli la kioo. Fikicha kwa vidole dakika tatu. Funika, uache kwa muda usiopungua saa mbili. Tangu asubuhi hadi alasiri ni bora zaidi.

Utajua umefaulu sukari ikiwa na unyevu kama mchanga wa pwani maji yakishatoka, imeshika rangi hafifu, na ukifunua bakuli harufu inakupanda puani kabla hujainama.

Yale matunda manane yaliyokwaruzwa hayatadumu bila ganda, yakamue kwa futari ya siku hiyohiyo.

## Hatua ya 2: Pika shira (siku hiyohiyo)

Weka kwenye sufuria maji mililita 700 na sukari gramu 500 iliyobaki. Pasua hiliki, ponda tangawizi kwenye kinu, utie pamoja na karafuu na mdalasini. Koroga mpaka sukari iyeyuke kabla maji hayajachemka, kisha acha mwiko. Ikichemka, punguza moto, funika, uiache dakika 5 tu.

Hii si shira ya kaimati. Usingoje iwe nzito wala inate kati ya vidole. Shira nzito huzama chini ya ndoo ukichanganya, na wa mwanzo kunywa hupata maji, wa mwisho hupata asali.

Kwa nini karafuu tatu tu? Kwa sababu karafuu haina adabu ikipewa nafasi. Zikiwa sita, sharubati hunuka kama dawa ya meno, na harufu yote ya ganda uliyoihangaikia hufunikwa. Hiliki unaweza kuongeza mpaka kumi, karafuu hapana.

Zima moto, uache ipoe nusu saa au zaidi mpaka uweze kushika sufuria kwa mkono bila kuungua. Hapo ndipo utie ile sukari ya ganda. Usiitie ikiwa bado inachemka, maana mafuta yale ni mepesi na moto huyarusha hewani: jikoni kutanukia ajabu, na hicho kinachonukia hewani ndicho utakachokikosa kwenye glasi.

Koroga iyeyuke, funika nusu saa, kisha chuja kwa chujio na baadaye kwa kitambaa. Tangawizi ina wanga unaotulia chini kama vumbi jeupe, kwa hiyo mimina polepole na uyaache matone ya mwisho. Tia kwenye chupa safi, weka friji.

Wengi wenu mtakuwa mmefunga na hamwezi kuonja, ndiyo maana nasisitiza vipimo. Hatua hii hupikwa kwa kikombe, si kwa ulimi. Ukitaka kuhakikisha, baada ya magharibi tia kijiko kimoja cha shira kwenye nusu glasi ya maji baridi na tone la ndimu.

Utajua umefaulu ukipata lita 1 na kidogo ya shira ya rangi ya dhahabu hafifu, inayoona ng'ambo, inayomiminika kama mafuta ya kupikia.

## Hatua ya 3: Barafu na ubaridi (mwezi ukitafutwa)

Gandisha barafu kwa maji yaliyochemshwa. Watu huchemsha maji ya sharubati kwa uangalifu, halafu wakanunua barafu isiyojulikana imetengenezwa kwa maji gani na kuitumbukiza humo. Kugandisha hakuui vijidudu vyote, na barafu ikiyeyuka vinaamka.

Gandisha mapande makubwa, kwenye makopo ya plastiki ya nusu lita. Pande kubwa huyeyuka taratibu kuliko vipande vidogo vya uzito uleule. Umeme wa kwenu ukiwa wa kukatika-katika, gandisha siku tatu kabla, uhamishie kwenye deli usiku.

Weka kwenye friji maji ya kuchanganyia, lita 3. Machungwa na ndimu vioshe, vikaushe, viache vizima mahali pa kivuli. Kishawishi cha kukamua usiku huo "ili asubuhi niwe huru" kitakujia. Kishinde, maana hapa ndipo penye tatizo lote.

## Kwa nini maji ya chungwa hugeuka chungu yakilala

Chungwa likiwa zima lina kitu fulani ndani ya nyama yake, kwenye ngozi nyeupe na zaidi kwenye mbegu, ambacho hakina uchungu wowote. Ukilikamua au kulisaga, kitu hicho hukutana na ukali wa maji yake na kuanza kubadilika pole pole kuwa limonini, na limonini ni chungu hata ikiwa kidogo sana. Mabadiliko hayo huchukua saa kadhaa. Ndiyo maana ulionja usiku ikawa tamu, na asubuhi ukadhani mtu ameitia kitu. Friji hupunguza mwendo tu.

Blenda huzidisha. Kisu chake huvunja mbegu na kusaga ngozi nyeupe mpaka ikawa uji, kisha kupiga hewa ndani, na ndilo chimbuko la povu zito linalokaa juu. Hata ukichuja, kilichokwisha kutoka kimetoka. Kwa sharubati hii blenda ibaki kabatini.

## Hatua ya 4: Kukamua (siku ya Idi)

Anza muda usiozidi saa mbili kabla ya kunywewa. Kwa familia nyingi hiyo ni mara baada ya kurudi kwenye swala, watoto wakiwa wanahesabu pesa zao za sikukuu. Wape kazi ya kubingirisha machungwa: tunda likandamizwe kwa kiganja juu ya meza na kubingirishwa mara kumi, vijifuko vya ndani hupasuka na maji hutoka kwa wepesi. Tunda lililotoka kwenye friji liloweke kwanza dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu.

Kata kwa upana, si kwa urefu, ili kila chumba cha tunda kifunguke. Toa mbegu zinazoonekana kwa ncha ya kisu.

Kamua kwa mkono, taratibu, na uache mara maji mengi yanapokatika. Usizungushe kikamulio mpaka kifike kwenye weupe. Zile mililita tano za mwisho unazozikamua kwa nguvu ndizo zenye uchungu wa glasi nzima. Ni afadhali uongeze machungwa mawili.

Machungwa yapate chombo chake na ndimu chombo chake, usichanganye bado.

Onyo la kweli: usikamue ndimu uani juani. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha jua likapiga, ngozi huungua, hutoka malengelenge, na madoa meusi hubaki wiki nyingi. Nimeona mikono ya bi harusi ikiwa na madoa hayo kwa sababu hiyo. Kaa ndani au kivulini, na ukimaliza osha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla hujatoka nje.

Utajua umefaulu ukiwa na lita 2 za maji ya chungwa yenye povu dogo tu, na vikombe vya ndimu kimoja na robo kasoro kidogo (mililita 300). Usihesabu matunda, pima maji.

## Hatua ya 5: Kuchuja

Pitisha maji ya chungwa kwenye chujio mara moja. Yasiminywe kwenye kitambaa, kwa sababu ukikaza kitambaa unasukuma kilekile ulichokikwepa. Ukipenda nyuzi za tunda, rudisha vijiko viwili vitatu. Mimi huzirudisha, huonyesha kwamba tunda lilikuwa tunda. Ndimu ichujwe vizuri, kwa kuwa mbegu zake ni ndogo na chungu.

## Hatua ya 6: Kuchanganya na kuonja

Robo saa kabla, loweka zafarani kwenye vijiko viwili vya maji ya moto mpaka yawe ya rangi ya machweo. Ukiitupa kavu kwenye maji baridi haitatoa rangi wala harufu, na zafarani si kitu cha kuchezewa kwa bei yake.

Fuata mpangilio huu:

1. Maji ya chungwa lita 2 kwenye ndoo.
2. Shira mililita 800. Iliyobaki iweke pembeni.
3. Ndimu mililita 200, bado usitie zote.
4. Maji baridi lita 2.
5. Zafarani pamoja na maji yake, na chumvi.
6. Koroga kwa mwiko mrefu kutoka chini kwenda juu, dakika moja nzima.

Sasa mimina kidogo kwenye glasi, utie kipande cha barafu, usubiri dakika, ndipo uonje. Ubaridi huuzubaisha ulimi usihisi utamu. Sharubati iliyokuwa sawa ikiwa vuguvugu itaonekana haina sukari ikiwa baridi. Wengi hukosea hapa, wakaonja wakiwa jikoni kwenye joto.

Rekebisha ukali kwanza. Ongeza ndimu kidogo kidogo mpaka mate yajae pembeni mwa ulimi. Kisha tazama sukari, ongeza shira vijiko viwili viwili. Maji ya kukamilisha, kama mililita 700, yaje mwisho. Ukianza na sukari utaufunika ukali, utatia ndimu nyingine, utarudi kwenye sukari, na ndoo itajaa kabla hujapatia.

Kile kiasi kidogo cha chumvi si cha kuleta ladha ya chumvi. Huzima uchungu mdogo uliojificha na kuufanya utamu usimame.

Maji ya waridi yatie mwisho kabisa, nusu kijiko kwanza. Soma chupa kwanza: yapo ya kula, na yapo marashi ya kunyunyizia wageni kwa mrashi, ambayo si ya kunywa hata yakiwa na harufu ileile. Mwenye ndugu Oman aliyemletea chupa ya Jabal Akhdar ajue kwamba maji yale hukenekwa, yaani mvuke wa maua yanayochemshwa hupoozwa ukawa maji, kwa namna inayoyapa harufu ya moshi. Ni mazuri mno, lakini nusu kijiko yanatosha ndoo nzima. Na kama unatumia arki yoyote, vanila au nyingine, soma lebo, maana baadhi huyeyushwa kwenye kileo.

Utajua umefaulu ukipata ladha kwa mpangilio huu: harufu ya ganda kabla midomo haijagusa, kisha utamu, kisha ukali unaosafisha mdomo, na joto hafifu la tangawizi kooni. Ukimeza, nyuma ya ulimi pasibaki kitu.

## Hatua ya 7: Mezani

Usimwage barafu ndani ya ndoo, maana nusu saa baadaye utakuwa unagawa maji ya rangi. Weka jagi ndani ya beseni lenye barafu na maji, au ndoo ndani ya deli. Barafu iingie kwenye glasi tu, pande moja kubwa, na jani la nanaa lililopigwa kofi moja kiganjani ili lizinduke.

Anayependa vipovu amimine robo tatu ya glasi, ajazie maji baridi ya gesi. Gesi isitiwe kwenye ndoo, itakuwa imekwisha kabla mgeni wa tatu hajafika.

Wageni wa Idi huja mchana kutwa. Kwa hiyo gawa kazi: tengeneza lita 3 asubuhi kwa nusu ya vipimo, na lita 3 nyingine ukamue upya alasiri. Sharubati isikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali isizidi saa moja.

## Wageni wa kuangaliwa zaidi

Kila glasi hapa ina sukari ya kuongezwa kama gramu 20 hadi 29, yaani vijiko vitano hadi saba vya chai kutegemea shira uliyotia, mbali na utamu wa chungwa lenyewe. Babu au shangazi mwenye kisukari asiachwe aikatae mbele za watu wala ainywe kwa kuona haya. Mwandalie jagi lake dogo: maji baridi, ndimu, nanaa, tangawizi na tone la maji ya waridi, bila shira na bila chungwa. Mpe kwenye glasi ileile ya wengine.

Kuhusu balungi: maji yake huingiliana na baadhi ya dawa, zikiwamo baadhi za shinikizo la damu na za kupunguza lehemu (kolesteroli), yakafanya dawa ijae mwilini kupita kiasi. Nyumba yenye wazee isitie balungi kwenye sharubati ya wote. Kama umelitia, sema waziwazi kabla ya kugawa.

## Ikienda kombo

Chungu kidogo. Ongeza chumvi kidogo sana, ndimu kijiko kimoja na maji baridi kikombe kimoja, kisha igawe mara moja, usiiweke. Ikiwa chungu sana, haiokoleki.

Nyepesi na chapwa. Si sukari inayokosekana, mara nyingi ni ukali. Jaribu ndimu kwenye glasi moja kabla hujaigusa ndoo.

Imejitenga, maji juu, mashapo chini. Ni hali ya kawaida ya tunda halisi. Koroga kila unapomimina.

Ina vipovu wakati hukutia gesi. Imechacha. Mwaga, osha ndoo na koki kwa maji ya moto.

## Ukitaka kwa watu wengi

Machungwa, ndimu, sukari na maji huzidishwa kwa idadi. Viungo havizidishwi hivyo. Kwa lita 18, yaani mara tatu, tia viungo mara mbili tu, ulale, kesho yake uonje shira na kuongeza kama inahitajika. Kazi ya kukamua ndiyo inayokua: mtu mmoja mwenye kikamulio cha mkono hukamua machungwa 30 kwa muda wa nusu saa hivi, kwa hiyo kwa harusi panga watu sita wenye vikamulio vyao, na wa saba wa kukata tu. Wapate kivuli.

## Kilichobaki

Sharubati iliyokwisha kuchanganywa na kukaa kwenye friji inywewe siku hiyohiyo. Ikibidi ilale, igandishe kwenye vikopo vya lambalamba, watoto wataimaliza kesho yake.

Shira iliyobaki hukaa kwenye friji wiki mbili ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, ukitumia kijiko kikavu kila mara. Vijiko vitatu vya shira hiyo, nusu ndimu na glasi ya maji baridi, na ukipata mgeni wa ghafla wakati wa kufunga Sita (zile siku sita za sunna baada ya Idi), futari yake ya kwanza iko tayari kabla adhana haijaisha.